Mlango wa Bweni la Wanawake

Sehemu ya sita

Wewe ambaye hukuwa nami wiki zilizopita, shika haya machache twende pamoja.

Naitwa Wiebe Hoekstra, mlinzi mstaafu wa daraja la Harlingen kwetu Uholanzi, lile linaloinuka kupisha mashua. Mke wangu ni Sjoukje. Kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo, na kabla hazijamwishia anataka alale tena katika hosteli moja ya Norway, kando ya fjordi, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima, ambako tulikutana tukiwa vijana, tukapangiwa kuosha vyombo pamoja.

Binti yetu Jildou hakutaka twende. Amekwisha kumtafutia mama yake chumba katika nyumba ya wazee kule Leeuwarden. Alitupisha kwa sharti moja. Siku mama atakapopotea, hata kwa muda mfupi, safari imekwisha, namrudisha, na chumba kile ndicho kitakuwa kwake. Nilikubali. Nikajiapiza moyoni kwamba Jildou hatasikia neno lolote kutoka kwangu mpaka mama yake aione fjordi.

Wiki iliyopita, wasomaji, niliwaacha Denmark, kwenye mapokezi ya hosteli nje kidogo ya Aalborg. Bomba lilikuwa limepasuka katika chumba chetu cha watu wawili, na vyumba vingine vyote vilijaa watoto wa mpira wa mikono. Kilibaki kitanda kimoja bweni la wanaume na kimoja bweni la wanawake. Meli ya kwenda Norway ilikuwa kesho yake mchana. Ni usiku mmoja tu, nikasema. Nikachukua vyote viwili.

Sasa lazima niseme jinsi ninavyochagua hosteli, maana huko ndiko nilikojikwaa.

Watu wengi husoma sifa za wageni mtandaoni. Mimi husoma malalamiko. Sifa huandikwa na watu waliokunywa wakafurahi. Malalamiko huandikwa na mtu aliyefungua macho. Mtu akilalamika kwamba kila mgeni anaosha sufuria yake, najua jiko ni safi. Akilalamika kwamba saa nne usiku taa zinazimwa, najua nitalala. Shule ya jioni ilinifundisha Kijerumani na Kiingereza, na lugha hizo nimezitumia zaidi kusoma malalamiko kuliko kitu kingine chochote.

Hosteli hii ilikuwa na malalamiko matamu kuliko zote. Vijana waliandika kwamba inafanana na jeshi. Asubuhi inapigwa kengele ya chai. Viatu vinaachwa mlangoni. Siku ya kuondoka unavua shuka za kitanda chako mwenyewe na kuzipeleka kwenye kapu kubwa chini ya ngazi. Nikasema hapa ndipo penyewe. Hii ni hosteli ya zamani, ya wakati wetu.

Na kweli Sjoukje alipoingia, akavuta ile harufu ya kahawa na sakafu iliyopigwa nta, alinyooka mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Akajua mwenyewe viatu vinawekwa wapi. Akajua shuka zinatolewa kabati gani. Tangu tuvuke mpaka wa Ujerumani sikuwa nimemwona hivyo. Nikafurahi. Nikaona kumbukumbu zinarudi.

Jioni ile nilichemsha viazi tulivyobeba kutoka nyumbani. Jikoni alikuwepo Preben, Mdenmark aliyestaafu udereva wa malori, mtu wa tumbo kubwa na mdomo usiofungwa. Alichungulia sufuria yangu.

"Mholanzi," akasema, "umebeba viazi mpaka Denmark? Na maji je, umekuja nayo?"

Nikamwambia maji nimeyaacha, nilisikia huku yapo. Sjoukje akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake siku nyingi, kwa hiyo nikamsamehe Preben palepale.

Nikampakulia Sjoukje chakula. Akapokea sahani kwa mikono miwili.

"Asante, Bwana," akasema.

Nikadhani ni mzaha. Katika hosteli za ujana wetu msimamizi aliitwa baba wa nyumba. Tulimwita Bwana na kumwogopa. Ukifika anachukua kadi yako ya uanachama, na hakurudishii mpaka umalize kazi aliyokupangia. Kumenya viazi, kufagia ngazi, kuosha vyombo. Sjoukje na mimi tumekuwa tukitaniana kwa mambo hayo miaka yote ya ndoa yetu.

Akaniuliza kwa adabu, "Na kesho asubuhi mimi nimepangiwa kazi gani?"

Nikakunja uso kama baba wa nyumba. "Kesho wewe mashuka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Preben naye akacheka, akasema nimwonee huruma mama wa watu. Nikamsindikiza Sjoukje mpaka mlango wa bweni la wanawake, msichana mmoja akamshika mkono akampeleka kitandani, kile cha chini karibu na dirisha. Nililala nimeridhika.

Kengele ya chai ilipolia nilikuwa mezani tayari, nimemwekea Sjoukje mkate mweusi na jibini upande wa pili. Hakuja. Nikajiambia anachana nywele.

Badala yake akaja Asta, msichana wa mapokezi wa zamu ya asubuhi. Yule aliyetupokea jana alikuwa ameshakwenda kwake, na huyu alikuwa hajatuona pamoja. Alisimama katikati ya ukumbi akitabasamu, kama mtu mwenye habari ambayo hajui aicheke au aikasirikie.

Alieleza kwamba wasichana wa bweni la juu walipokuwa wanaoga, mtu fulani aliwavulia vitanda vyote. Shuka, foronya, na taulo zilizotundikwa. Akavikunja vizuri, akavishusha kwenye kapu. Gari la dobi lilikuwa limekuja kama kawaida na limeondoka na kila kitu, hata gauni la kulalia la mgeni mmoja kutoka Hispania.

Ukumbi mzima ukacheka. Preben, aliyekaa ubavuni pangu, alicheka mpaka kahawa ikampanda puani.

Asta akaendelea. Ni bibi mmoja mgeni, alisema, na walipomuuliza alijibu kwamba ametumwa na baba wa nyumba. Hosteli hii haina baba wa nyumba tangu Asta hajazaliwa.

Hapo kicheko kilipungua. Kocha wa watoto wa mpira wa mikono, mwanamke mkavu wa uso, akaweka kikombe chini. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba bibi huyo ni mgonjwa, na aliyemleta mahali kama hapa na kumtupa bwenini na wageni hafai kuitwa binadamu. Angekuwa yeye, angempigia simu mtu wa ustawi wa jamii. Meza zikaitikia. Naam, nani huyo? Mtu wa namna gani?

Mke wangu wa ndoa, na mimi mbele yao nimeshika kisu cha jibini.

Asta akatazama ukumbi, macho yake yakanifikia. Mle ndani hakukuwa na mzee mwingine zaidi yangu na Preben.

"Babu," akaniuliza, "huyo bibi uko naye?"

Nimefanya kazi miaka mingi juu ya daraja. Nimetukanwa na manahodha na madereva wa malori, sikuinamisha kichwa. Asubuhi ile niliinamisha.

"Hapana," nikasema. "Nimemwona tu kwenye basi."

Preben aligeuka akanitazama. Kijiko chake kilibaki hewani.

Nilikuwa na mpango, wasomaji. Nilitaka ukumbi utulie, nipande juu polepole, nimchukue Sjoukje na begi lake, tutokee mlango wa nyuma, tukapande basi la bandarini kabla mtu hajashtuka. Nikajikaza kisabuni. Nikamaliza kahawa yangu taratibu nisionekane nina haraka. Nikaosha kikombe. Nikakifuta, nikakirudisha kabatini.

Kikombe kile kingebaki kichafu, huenda leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Nilipanda ngazi, nikagonga mlango wa bweni la wanawake. Akafungua msichana mwenye nywele mbichi, yule Mhispania aliyepoteza gauni. Jina lake Nerea. Alisimama mlangoni mikono kwenye fremu, huku na huku, ikawa hata paka hapiti.

"Naomba uniitie Sjoukje," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mume wake."

Alinitazama kuanzia soksi mpaka kichwani. "Bibi amesema hana mume."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba radhi. Nikamweleza kwamba mke wangu anasahausahau. Hakucheka.

"Amesema wewe ndiye baba wa nyumba," akaniambia. "Jana usiku umemwambia avue mashuka, na asipomaliza humpi kadi yake. Babu, tulimkuta amepiga magoti kando ya kitanda changu kitupu, ananiomba samahani kwamba amechelewa. Ni kweli ulimwambia hivyo au si kweli?"

"Nilikuwa natania."

"Yeye hakuwa anatania."

Nikainua sauti kumpita begani, nikaita jina la mke wangu kwa Kifrisia, lugha yetu ya ndani, ambayo hakuna msichana wa Hispania anayeijua. Nikamwambia Sjoukje, ni mimi, njoo twende, meli inatungoja.

Kimya.

"Unaona?" Nerea akasema. "Sasa unamtisha kwa lugha yake mwenyewe."

Akafunga mlango. Nikasikia ufunguo unazunguka. Nilibaki nazitazama mbao zake na tangazo lililobandikwa kwa lugha nne, kwamba wanaume hawaruhusiwi.

Nilidhani nitaketi pale ngazini mpaka atoke. Lakini Nerea alikuwa amepiga simu mapokezi, na Asta akapanda akiwa hana tena lile tabasamu. Nyuma yake Preben, ambaye hakualikwa na mtu.

Nikamwambia Asta yote kwa mkupuo. Kwamba yule ni mke wangu, kwamba anaumwa, kwamba tunakwenda Norway. Alinisikiliza mpaka mwisho, msichana mstaarabu.

"Babu, nimekuuliza mbele ya watu wote," akasema. "Umesema humjui."

"Niliona aibu."

"Sasa mimi nishike lipi?"

Akaniomba pasipoti. Nikatoa. Akashuka, akarudi na majina kwenye simu yake. Jana tuliandikishwa vitanda viwili mbalimbali, mimi Hoekstra, yeye Wiersma, maana kwetu mwanamke hubaki na jina la ukoo wake kwenye pasipoti mpaka kaburini. Kwa Asta tulikuwa wazee wawili Waholanzi walioshuka kwenye basi moja, kama nilivyosema mwenyewe.

Akauliza pete. Pete ya Sjoukje iliacha kuingia kidoleni tangu viungo vilipomvimba.

"Basi nionyeshe picha," akasema. "Mna picha pamoja, bila shaka."

Nikafungua simu yangu kwa furaha. Nikaanza kutelezesha kidole, na furaha ikaanza kuniishia.

Kila hosteli tuliyolala tangu Harlingen ninayo mle. Nimepiga picha majiko. Nimepiga mabomba ya kuogea, magodoro, madirisha, matundu ya umeme kando ya vitanda. Nilikuwa nakusanya ili nikirudi niwaandikie wazee wenzangu wajue pa kulala. Asta alitazama bafu moja, bafu jingine, jiko la Bremen, jiko la Flensburg. Sjoukje alikuwa kwenye picha moja tu. Anaosha sufuria, amenipa mgongo, na nusu ya kichwa imekatwa, kwa sababu nilichokuwa napiga ni sinki.

Asta akanirudishia simu. Afadhali angenitukana.

Nikamgeukia Preben. Mtu akizama hushika chochote. Nikamwambia, ndugu yangu, wewe jana umetuona. Waambie.

Preben akajikuna tumbo. Simsemi vibaya, alisema kweli tupu.

"Nilichoona jana ni mwanaume anampakulia mwanamke viazi," akasema. "Nikasikia mama anamwita Bwana. Mimi nimeoa mara mbili, hakuna mke aliyewahi kuniita Bwana. Halafu leo asubuhi, Mholanzi, umesema humjui. Sasa mimi niape nini hapa?"

Nyuma ya mlango nikasikia wasichana wananong'ona. Sauti ya Sjoukje sikuisikia.

Asta alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu wake, ingawa aliendelea kusema kwa upole. Hawezi kumfungulia mwanaume bweni la wanawake wakati mwanamke mwenyewe anasema hamtaki. Angefukuzwa kazi, na angestahili. Yapo mambo mawili tu. Ama nimpe mtu mmoja wa kuaminika atakayesema sisi ni mke na mume, ama aite polisi waje waulizane na mimi.

"Kwenye maelezo ya bibi kuna namba ya dharura," akaongeza. "Jina ni Jildou. Unamjua?"

Namba ile niliiweka mimi mwenyewe, nikijua hakuna atakayeipiga.

Nikafikiria polisi. Nikaona gari limesimama nje, watoto wa mpira wa mikono madirishani, Sjoukje anaulizwa maswali na watu wenye sare. Wangemhoji mpaka meli iondoke, na wangempigia Jildou vilevile. Nikaangalia ule mlango. Hatua mbili kutoka nilipo, na sikuwa na njia ya kuufungua isipokuwa kwa mkono wa mtu niliyeapa hatasikia.

"Ni binti yangu," nikasema. "Mpigie."

Jildou alipokea haraka, kama mtu aliyekaa na simu mkononi tangu tulipoondoka. Asta aliweka sauti ya wazi, sote tusikie.

"Mama yuko wapi?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Hakuuliza nani anapiga.

Asta akajitambulisha. Akaeleza kwamba yupo mzee hapa anayedai kuwa mume wa bibi Wiersma, na bibi hamtambui. Halafu Jildou akaniita.

"Baba."

"Nipo, mwanangu."

"Hakutambui?"

"Ni leo tu. Ni hii nyumba, imemchanganya. Inafanana na zile za zamani."

"Baba, nimeuliza hakutambui?"

"Hanitambui," nikasema.

Nilisikia pumzi yake. Mtoto huyu nilimfundisha kuogelea kwenye mfereji nyuma ya nyumba, nikimshika tumbo. Alikuwa haogopi kitu. Sasa alikuwa anahema kama aliyemeza maji.

Akazungumza na Asta kwa utaratibu. Ndiyo, huyo ni baba yangu. Ndiyo, wameoana, wana miaka mingi. Ana kovu kwenye kidevu, mlango wa daraja ulimpiga. Akatuma picha. Simu ya Asta ikalia, Asta akaitazama, kisha akanipa mkononi nione. Sjoukje na mimi kwenye sherehe ya ubatizo, ameniegemea, anacheka na macho yamefumba. Sikujua kwamba picha ile ipo.

"Samahani, babu," Asta akasema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

Lakini Jildou alikuwa hajamaliza na mimi.

"Sikiliza, Baba. Hamwendi bandarini. Mnakaa hapohapo, nakuja na gari, jioni nitakuwa nimefika. Leo hii nawapigia Leeuwarden. Tulikubaliana."

"Jildou, imebaki meli moja tu. Mpe nafasi aione. Akiiona fjordi atanikumbuka."

"Na asipokukumbuka? Utakuwa naye juu ya mlima, anakukimbia, utafanya nini?"

Nimesoma vitabu vingi maishani, vya jiografia na historia na hesabu za meli, na hakuna kilichokuwa na jibu hilo.

"Sema tumekubaliana, Baba."

Preben alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Asta alikuwa anatazama ukuta. Watu wawili wageni wakinisitiri kwa kutonitazama.

"Tumekubaliana," nikasema.

Basi. Nilikuwa nimeuza safari ya mke wangu, na nilichonunua kwa bei hiyo ni mlango mmoja kufunguliwa. Nikajifariji kwamba angalau nitamshika mkono. Nitamketisha bustanini, nitamwambia mimi si baba wa nyumba, kazi zimekwisha, kadi yako hii hapa. Atanijua au hatanijua, nitakuwa naye.

Asta akagonga. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba yote yamethibitishwa, babu ni mume wake, wafungue.

Hakuna aliyefungua.

Akagonga tena. Kisha akatoa ufunguo wake wa kiunoni, akauingiza. Mlango ukafunguka.

Vitanda vilikuwa vitupu, magodoro wazi kama vilivyoachwa asubuhi. Nerea alikuwa ameketi kwenye kile cha chini karibu na dirisha, mikono katikati ya magoti. Wasichana wengine wawili walisimama kando ya ukuta. Kitandani hapo palikuwa na duveti, lile blanketi nene la manyoya, limekunjwa pembe kwa pembe, mkunjo wa Sjoukje, ningeujua popote.

Begi lake halikuwepo.

"Yuko bafuni?" nikauliza.

Nerea alikuwa amesikia simu yote kupitia mlangoni, nadhani, kwa sababu uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nilikuwa nawapa muda," akasema. "Nilipokuwa nabishana na wewe pale mlangoni mara ya kwanza, walikuwa wanashuka kwa ngazi za moto."

"Nani?"

"Fabienne, Mswisi aliyelala nasi humu. Ana gari lake dogo, alikuwa anakwenda kupanda meli ya mchana. Bibi alituambia naye anakwenda Norway. Alikuwa na pasipoti yake shingoni. Babu, alizungumza vizuri kabisa, Kijerumani kizuri, akili timamu. Tulidhani tunamwokoa."

Asta alikwisha kugeuka anakimbia kushuka, akipiga kelele kuuliza namba ya Fabienne. Nilimsikia chini akifungua droo. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda.

"Alisema anakwenda kwa nani?"

"Kuna kijana anamngoja hosteli ya kule," Nerea akasema. "Tulidhani ni mjukuu wake. Alisema ni mrefu, hajui kuosha vyombo, na asipofika leo kijana ataondoka atafikiri hakupendwa. Alilia aliposema hivyo. Fabienne naye akalia. Ndiyo maana walikwenda mbio." Akajifuta pua kwa mkono. "Anaitwa Wiebe."

Halafu Nerea akaniinulia macho.

"Babu, kwani wewe unaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Simu ya Asta ilikuwa bado mkononi mwangu, na ndani yake binti yangu alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, ile anayotumia kumbembeleza mtoto anayeumwa.

"Baba, mlango umefunguliwa? Mpe mama simu. Nataka tu nimsikie."